Mama Chapo, Mtengenezaji Mkuu

Maven Central, ghala la mtandaoni la msimbo wa Java, ikishapokea toleo lako, hulifuti wala hulibadilishi, uwe umekosea herufi moja au umeweka picha ya harusi. Kwa hiyo mtu yeyote duniani anayeandika Java anaweza kuvuta toleo la 1.0.0 la laibrari yetu ya malipo (msimbo ulioandikwa tayari ili wengine wautumie), afungue POM, faili la kuutambulisha mradi, na mahali pa maelezo ya mradi asome: "Chapo mbili, madondo, avokado nusu. Pilipili usiweke. Nitalipa jioni."

Acha nieleze ilivyokuwa, maana kwenye grupu la WhatsApp la ofisi kila mtu ana hadithi yake.

Tuko Kilimani, orofa ya pili, juu ya kinyozi. Mfumo wetu unawasaidia wenye maduka ya mtandaoni kupokea malipo, na wateja walikuwa wamechoka kujiandikia msimbo wa kuunganisha. Bosi akaamua tutoe laibrari ya Java, chanzo huria, leseni ya Apache 2.0, iwekwe kwenye ghala la umma ambako kila mtu huchukua bila kuomba ruhusa. Kazi ya kupakia akapewa Dogo, mwanagenzi wetu, kwa sababu anazozijua bosi mwenyewe.

Wasiojua hudhani kupakia ni kubonyeza tu. Thubutu! Kwanza uthibitishe kwamba jina la kikundi ni lako. Kama limetokana na kikoa chako, yaani anwani ya tovuti yako, unaweka rekodi ya TXT kwenye DNS, daftari la majina ya tovuti, halafu unangoja. Kisha utengeneze ufunguo wa GPG wa kutia sahihi ya kidijitali, ule wa umma uupeleke kwenye seva ya funguo kama keyserver.ubuntu.com, na kila faili ulitie sahihi. Wanataka pia faili la msimbo chanzi na la Javadoc, yaani maelezo ya jinsi ya kuutumia msimbo, hata kama Javadoc yako haisemi lolote la maana. Halafu POM yenyewe: jina, maelezo, URL, leseni, watengenezaji, mahali msimbo unapokaa. Kikikosekana kimoja, mzigo mzima unarudishwa kama lori la mahindi pale mizani ya Mlolongo.

Dogo alirudishwa asubuhi nzima. Sahihi ikakubali, Javadoc haipo. Javadoc ikapatikana, leseni haijatajwa. Stima ikapotea, ikarudi. Kufikia saa saba tumbo linanguruma na yamebaki mambo mawili tu: maelezo hayapo, na orodha ya watengenezaji ni tupu. Bosi alikuwa amekataza mtu kuweka jina lake kabla yeye hajaamua nani atangulie. Dogo alitaka tu kuona kama mengine yote yanapita. Kitu cha mwisho alichokuwa amenakili ni oda aliyotoka kumtumia Mama Chapo kwenye WhatsApp, akaibandika kwenye maelezo. Penye mtengenezaji akaandika Mama Chapo. Penye shirika: Kibanda, nyuma ya kinyozi.

Kwa kawaida hapo hapangekuwa na kesi. Mzigo ukishakaguliwa hukaa ukingoja mtu aingie kwenye akaunti auchapishe au autupe, na Dogo alipanga kuutupa. Lakini ile programu-jalizi ya Maven tunayopakilia ina mpangilio unaoitwa autoPublish, wa kuchapisha moja kwa moja bila kungoja mtu. Huja ukiwa umezimwa. Bosi, aliyechoshwa na kuitwa kila mara aje abonyeze, alikuwa ameuwasha bila kumwambia mtu. (Nywila ya akaunti ni yake, na hupenda kutukumbusha.)

Kioo kikaandika BUILD SUCCESS. Dogo akashangilia, akaenda kula.

Bosi alipoona, alisema neno moja.

"Futa."

"Haifutiki, bosi."

"Basi mwandikie mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye Maven!"

Nikamweleza habari za Machi 2016, jamaa mmoja alipokasirika akaondoa pakiti zake kule npm, ghala la wenzetu wa JavaScript. Mojawapo ilikuwa ya mistari 11, kazi yake kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maneno, basi. Ilipoondoka, miradi ya watu kila pembe ikagoma kujengeka, na npm wakabana sheria za kuondoa vitu. Maven Central ndio kabisa hawana mchezo huo. Isitoshe, Google wana nakala na Alibaba wana nakala. Hata wenyewe wangetuonea huruma, oda ya Dogo ingebaki China.

Bosi akafikiri kwa muda. "Avokado nusu siku hizi ni pesa ngapi?"

Tungetoa 1.0.1 yenye maelezo ya kistaarabu, tukanyamaza. Lakini benki moja ya Upper Hill ilikuwa inaisubiri laibrari hiyo kwa hamu, na ikavuta 1.0.0 kabla Dogo hajamaliza kunawa mikono. Benki nazo, tangu lile balaa la Desemba 2021, tundu la usalama kwenye laibrari ya Java iitwayo Log4j, lililopewa alama 10 kati ya 10 kwa ubaya, haziingizi laibrari ndani kabla ya kujua imetoka kwa nani. Programu yao ya ukaguzi ikasoma POM, ikatoa ripoti, na barua pepe ikaja: mkaguzi angependa kuzungumza na mtengenezaji aliyetajwa.

Mtu mwenye akili angesema ukweli. Bosi akajibu, "Yupo, karibuni sana," akiwa na mpango wa kusema siku ya siku kwamba Mama yuko likizo ya uzazi.

Mkaguzi akaja mchana, kijana mtanashati wa tai nyembamba, tableti mkononi. Bosi ndiyo kwanza anafungua kinywa kuhusu likizo, mlango ukasukumwa, Mama Chapo huyo, hotpoti mkono mmoja na kitabu cha madeni kwapani. Dogo, kwa heshima zake zote, akaropoka: "Mama Chapo, karibu!"

Mkaguzi akasimama. "Ndiye wewe Mama Chapo?"

"Ndiye mimi. Na wewe nani, una deni?"

Akavutiwa kiti. Bosi akajaribu kuingilia, mkaguzi akamwinulia kidole: anataka kumsikia mtengenezaji peke yake.

"Mama, vitu unavyotegemea kutoka nje unavichaguaje?"

"Zamani nilisumbuka. Leo unga huu, kesho ule, chapo zinatoka ngozi tupu. Sasa nina mmoja tu. Nikitaka kubadilisha najaribu nyumbani kwanza, sijaribii wateja."

Mkaguzi akatikisa kichwa kwa adabu, ile ya mtu aliyekutana na mzee anayesema kwa mafumbo. Nikachungulia tableti: "Matoleo ya vitegemezi yamefungwa. Majaribio hufanywa kabla ya kutoa."

"Na kukizuka tatizo la usalama?"

"Maharagwe si yalichacha mwaka jana! Nimeonja saa tano. Kufika saa tano na nusu kila aliyechukua nimempigia, na pesa nikarudisha. Muulize huyu."

Huyu ni mimi. Ilikuwa kweli, nilirudishiwa.

"Ndani ya nusu saa?" Kalamu ya tableti ilikuwa inakimbia.

"Ulitaka nikae nalo?"

"Funguo nani anazo?"

"Mimi na binti yangu. Kulikuwa na kijana wa tatu, alipoacha kazi nikamnyang'anya jioni hiyo hiyo."

Bosi akatazama dari. Sisi tuna watu wawili walioacha kazi kitambo na hadi leo wanaingia kwenye seva kutazama grafu.

"Swali la mwisho, mama. Ukiugua, nani anaendeleza?"

"Sijaugua," alisema Mama Chapo, "lakini binti anajua kila kitu isipokuwa madeni. Hayo nimeandika." Akapigapiga kitabu.

Mkaguzi alikula chapo tatu, akalipa taslimu, akaondoka. Ripoti ilipokuja tulikuwa tumepita kila kipengele, na mmoja wa wakubwa wake alikuwa ameongeza kwamba angependa wachuuzi wengine wa programu wawe na nidhamu ya namna hiyo.

Tukaandaa 1.0.1. Maelezo yakarekebishwa, autoPublish ikazimwa, na bosi akaagiza jina la Mama Chapo litoke, lake liingie. Dogo ndiye aliyesoma fomu ya benki hadi chini: badiliko lolote la watengenezaji linaanzisha ukaguzi upya, kwa mahojiano ya ana kwa ana. Bosi akajiuliza kimoyomoyo yale maswali ya funguo. Jina likabaki.

Ikabidi mwenyewe ajulishwe. Alisikiliza hadi mwisho akikung'uta unga kwenye leso, kisha akauliza kazi hiyo inalipa ngapi kwa mwezi. Bosi akacheka. Mama Chapo hakucheka. Akafungua kitabu kwenye ukurasa wa bosi, akakigeuza kimwelekee, na mazungumzo ya mshahara yakaanzia hapo.