Usiing'oe Thamostati Kabla ya Kuuliza Gari Linachemka Lini

Katika gereji nyingi za Mombasa, gari la zamani likifikishwa kwa sababu linachemka, fundi huanza kwa kung'oa thamostati (vali inayoyazuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta hadi yapate joto) na kuitupa, kisha humweleza mwenye gari kwamba kifaa hicho kiliwekwa kwa ajili ya nchi za baridi na hapa pwani hakina kazi. Nimeusikia ushauri huu hata kutoka kwa mafundi ninaowaheshimu sana kwa ustadi wa mikono yao, na bado nasema kwamba ni ushauri mbaya. Unalitibu gari kabla ya kujua linaumwa nini, na mara nyingi unaongeza ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Thamostati hufunguka maji yanapofikia joto lililoandikwa juu yake, kwa kawaida nyuzi 80 na kitu, yaani inapaswa kuwa imefunguka zamani kabla maji hayajakaribia kuchemka. Kwenye injini nyingi za miaka ya 1960 na 1970, inapofungua njia ya kwenda kwenye rejeta huziba papo hapo njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye pampu. Ukiiondoa, njia hiyo ya mkato hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto huendelea kuzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta hata mara moja. Asubuhi, barabara ikiwa tupu, injini hiyo hiyo hukimbia ikiwa baridi mno, hula petroli zaidi, na unyevu usiopata joto la kuufukuza hujichanganya na oili. Anayeishuku thamostati yake aining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, aweke kipimajoto kando yake, na atazame inafunguka kwa nyuzi ngapi. Ikigoma, anunue nyingine ya kiwango kile kile.

Na hiyo hoja ya nchi za baridi haisimami. Peugeot 504, ambayo wengi wetu tunaitunza hadi leo na ambayo wazee wetu walisafiria kwenda bara ikiwa imejaa abiria na mizigo, ilitoka kiwandani mwaka 1968, na mwaka 1975 ilishinda Safari Rally ikiendeshwa na Ove Andersson. Gari lililohimili vumbi na joto la mashindano yale halikuundwa likiwa na upungufu wa kupoa. Likichemka leo, kuna kitu kimechakaa, kimeziba au kimebadilishwa, na kazi yetu ni kukitafuta.

Swali la kwanza, kabla spana haijaguswa, ni hili: linachemka lini? Gari linalopandisha joto kwenye foleni ya feri ya Likoni, kisha likatulia mara tu linapopata mwendo, lina tatizo la upepo. Gari linalotulia kwenye foleni lakini likaanza kuchemka kwenye mwinuko wa kuelekea Mazeras na Mariakani lina tatizo la mzunguko wa maji, la rejeta iliyoishiwa nguvu, au la uchomaji wa petroli ndani ya silinda. Linalochemka muda mfupi baada ya kuwashwa, huku mipira ya maji ikijaa na kuwa migumu, nitalizungumzia mwishoni, kwa maana hilo ndilo la kuogopwa.

Tukianza na upepo, tazama feni. Katika 504 nyingi feni haizunguki kwa nguvu ya injini wakati wote. Kitovu chake kina sumaku ya umeme inayolishwa kupitia kaboni ndogo, na swichi iliyo kwenye rejeta huiamuru ishike maji yanapopata moto. Kaboni hiyo ikilika, au waya wake ukioza kwa kutu, feni huzunguka kivivu tu kwa kusukumwa, na mtu asiyeujua mfumo huu akiiona inazunguka huamini kwamba ni nzima. Injini ikiwa imezimwa, peleka waya kutoka kwenye betri hadi kwenye kaboni: ukisikia kishindo kidogo cha sumaku kushika, kasoro iko kwenye swichi au nyaya, wala si kwenye feni. Nimewaona watu wakishauriwa kununua feni ya umeme ya gari la Kijapani kwa sababu ya kipande cha kaboni kisichozidi ukubwa wa punje ya mahindi. Kagua pia mapezi ya rejeta yenyewe. Hewa ya chumvi ya hapa huyala hadi yakawa unga, na rejeta inayoonekana safi kwa mbele inaweza kuwa na mapezi yasiyogusana tena na mirija.

Kuhusu mlimani, mtuhumiwa wa kwanza ni mirija iliyoziba, na hapa sina budi kusema juu ya maji tunayoyatumia. Uhaba wa maji ya mfereji katika mji huu unajulikana, na mtu akipungukiwa na maji ya rejeta huchota kisimani. Maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi. Chumvi hiyo huishambulia aluminiamu ya hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda, hasa inapokutana na chuma cha bloku, yaani mwili wa injini, na madini yake huganda kwenye kila ukuta wenye joto. Tope linalobaki hutua chini kabisa ya bloku, kuzunguka silinda, mahali ambapo kuosha rejeta peke yake hakufiki. Bloku ina bolti yake ya kumwagia maji, ambayo kwenye magari mengi haijafunguliwa kwa miaka mingi. Ifungue, na kama hakuna kinachotoka, chokoa kwa waya hadi maji yatoke. Baada ya hapo tumia maji yaliyosafishwa pamoja na kulanti (dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta), hata kama huogopi baridi, kwa sababu kulanti ndiyo yenye dawa ya kuzuia kutu.

Mtuhumiwa wa pili hutajwa mara chache mno: taiming, yaani wakati ambao cheche ya plagi hutoka. Cheche ikichelewa, petroli huendelea kuungua bastola ikiwa tayari inashuka, na joto ambalo lingegeuka kuwa nguvu huishia kwenye kuta za silinda na vali za ekzosti. Kosa linaweza kuwa kwenye ngozi ndogo ya distributa (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi) inayovutwa na hewa ya kabureta, ambayo hupasuka kwa uzee. Ivute hewa kwa mdomo kupitia mpira wake, isiposhika, imetoboka. Gari la namna hii unaweza kulibadilishia rejeta na pampu na bado likachemka.

Kifuniko cha rejeta nacho kina kazi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye usawa wa bahari maji matupu huchemka kwa nyuzi 100, na kifuniko cha pauni 7 (yaani kinachoshikilia shinikizo la pauni 7 kwa kila inchi ya mraba) hukisogeza kiwango hicho juu kwa nyuzi kumi na kitu. Springi ikilegea, maji huchemka mapema ingawa injini yenyewe haina ugonjwa. Lakini usiweke cha pauni 15 kwenye rejeta ya shaba iliyoundwa kwa pauni 7, maana lehemu itaachia. Geji ya joto nayo inaweza kusema uongo kwa sababu ya ati iliyooza, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari, kwa hiyo ihakiki kwa kipimajoto kabla ya kuiamini.

Sasa lile linalochemka muda mfupi baada ya kuwashwa: hapo hushukiwa gasketi ya hedi, yaani kizibo chembamba kati ya hedi na bloku. Hedi ya aluminiamu ikishapata joto la kupita kiasi hupinda, na kuimwagia maji baridi ikiwa bado moto huikamilishia maangamizi. Lakini hakuna anayepaswa kukubali hedi ifunguliwe kwa kukisia. Injini ikiwa baridi kabisa, ondoa kifuniko cha rejeta, washa, na utazame shingoni: mapovu yasiyokoma hata unapokanyaga mafuta ni dalili ya gesi ya silinda kuingia kwenye maji. Chomoa plagi na uzilinganishe. Iliyosafishika kupita wenzake huenda imekuwa ikioshwa na mvuke. Tazama kijiti cha oili kama kina rangi ya maziwa. Iko pia dawa ya kupimia, ya buluu, inayogeuka njano ikikutana na gesi ya ekzosti, na bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na malipo ya kufungua hedi. Dalili zikithibitika, hedi ikishuka ipelekwe kupimwa unyoofu kwenye mashine kabla gasketi mpya haijanunuliwa, na bolti zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa mpangilio na kiwango cha kitabu cha gari. Kwa injini nyingi za zama hizo, kitabu hicho hicho huagiza zikazwe tena baada ya gari kutembea kidogo, na fundi aelezwe hilo mapema ili gari lirudi kwake kabla ya safari yoyote ya bara.