Leza Haioni Mbao, Inaona Gome

Siku hizi ripoti ya upimaji wa miti haikamiliki bila ile picha: paina za shamba la miti la Sao Hill zimepakwa rangi za upinde wa mvua, na chini yake "usahihi wa milimita". Milimita za nini? Skana ya leza inapima umbali kutoka kwenye tripodi hadi kwenye gome, tena upande unaoitazama tu. Ujazo hukokotolewa ofisini, na huko ndiko mita za ujazo zinakopotelea.

Uvivu mkubwa kuliko wote ni kusimamisha skana mara moja katikati ya ploti (eneo dogo la sampuli) ya mita 15, kisha kupakia gari. Shina la mbele linalificha la nyuma. Hata linaloonekana limetoa tao tu, na programu inakisia duara lililobaki. Ikizidisha sentimita 2 kwenye kipenyo cha 30, eneo la mkato limepanda asilimia 14, na ujazo nao uko nyuma yake. Weka vituo visivyopungua 5, kimoja katikati na vinne pembeni. Mipira myeupe ya alama, ya kuunganishia vipimo vya vituo vyote, ionekane angalau 3 kutoka kituo hadi kituo, isikae mstari mmoja, na asiiguse mtu mpaka kazi iishe. Lantana ifyekwe kabla. Ukiiacha, kwenye mita 1.3 kutoka ardhini, kipenyo kinapopimwa, programu itakuhesabia vichaka kama mashina.

Upepo ukivuma, ahirisha. Kilele kikisogea kati ya kituo na kituo, kwenye wingu la nukta, yaani nukta zote ambazo leza imezigonga, linatokea shina pacha, na silinda ya programu inayameza yote mawili kama gogo moja nene. Vilele vyenyewe mara nyingi havionekani kwa sababu ya matawi, hivyo urefu unatoka mfupi.

Halafu gome, ambalo hakuna anayetaka kulizungumzia. Gome la paina huku chini ni nene na limepasuka. Juu ni jembamba kama karatasi, jekundu jekundu. Likiwa na sentimita 1.5 kila upande, kipenyo cha 30 kinabaki 27, yaani asilimia 19 ya eneo hilo si mbao. Ukilikata kwa kiwango hichohicho hadi juu, sasa unamwibia mwenye shamba badala ya mnunuzi. Pima gome kwa mkono, urefu tofauti, kwenye miti michache iliyoangushwa. Ndiyo, kwa mkono.

Haya, nakubali: kwa umbo la shina kutoka mita 1.3 hadi matawi yanapoanza kuziba, hakuna kifaa kinachoifikia bila msumeno. Basi itumieni hapo, mtengeneze mlinganyo wa shamba lenu na muachane na 0.5 ya mazoea, ile namba ya umbo inayozidishwa na eneo la mkato na urefu kupata ujazo. Mti wa kipenyo sentimita 30 na urefu mita 24 una mita za ujazo 0.85 kwa 0.5, na 0.68 kwa 0.4. Kwa miti 500 ya hekta moja, hizo ni mita za ujazo 85 za mabishano. Ploti zilizobaki zinatosha utepe na kipimo cha urefu.

Miomboni ndiyo usiniambie. Mninga wenye pango ndani unaonekana mzima kabisa kwenye skrini, na utauziwa ujazo wa hewa. Ligonge shina kwa mgongo wa panga, usikilize.