Samaki Mwenye Matumbwitumbwi

Nilitaka msitu wa Amazon sebuleni kwetu Kikwajuni. Tangi la kioo la lita 120 ninalo, mchanga upo, gogo lipo, na vallisneria nimeshaipanda, ule mmea wa majini wenye majani marefu mfano wa ukindu. Bado samaki tu, nikapanda boti kwenda Dar.

Muuzaji akanionesha neoni, visamaki vya Amazon vyenye mstari wa buluu unaowaka kama taa za harusi. Nikachukua kumi. Jicho, kwa kukosa adabu, likahamia tangi la pili: samaki wa njano kama embe bivu. "Hao mbuna, wa Ziwa Nyasa." Jina lao la kitaalamu ni Labidochromis caeruleus, na caeruleus kwa Kilatini ni buluu! Samaki ambaye hata jina lake linamkana rangi, mimi nikanunua wanne, pamoja na wenzao wawili wenye milia. Nikauziwa na hita ya kupashia maji. Hita, Unguja, kaskazi imepamba moto. Nikalipa.

Niliwatia Ijumaa. Jumapili neoni wamebaki watatu, na wale wa njano matumbo ndii. Kila nikiamka, majani yanaelea. Nikamgombeza mpwa wangu siku mbili nzima, mpaka nilipomfuma mwenye milia: anajaza mchanga mdomoni, anakwenda kuutema pembeni, anarudi kuchota mwingine. Mzizi ukichomoza, anaung'oa.

Nikampigia rafiki yangu mfugaji. "Yakhe, umeozesha Amazon na Nyasa bila kupeleka posa!" Neoni, akasema, wanataka maji laini yenye uchachu kidogo. Mbuna wanataka maji magumu na mawe ya kujificha, na maji yetu ya visima, yanayopita kwenye mawe ya matumbawe, ndiyo hasa ya kwao. Mmea wa kujaribu ni anubias, jani gumu kama ngozi, tena ufungwe kwa uzi juu ya jiwe. Akaja kuwachukua neoni watatu, mayatima wa watu.

Basi nikajaza mawe, nikatulia. Mara mmoja wa njano akavimba koo. Karibu wiki tatu hagusi chakula, anatafuna hewa tu.

Bibi akavaa miwani, akainama kiooni. "Mume wangu, huyu ana matumbwitumbwi. Wewe ulipoyapata nilikupaka masizi."

Masizi nilikataa. Tukakubaliana tumchungulie koo. Nikamwopoa, nikamtia kwenye sufuria la bibi lenye maji ya tangini, nikamshika kwa kiganja kilicholowa, bibi akamulika kwa tochi ya simu. Kabla sijagusa kitu, mdomo ukafunguka, kikatoka kisamaki chenye macho. Kikafuata cha pili. Tukahesabu kumi na nne.

"Astaghfirullah! Kameza watoto wa watu!"

"Wake mwenyewe, bibi. Hubeba mayai kinywani mpaka yaanguliwe, ndiyo maana hali."

Bibi akamtazama yule samaki kwa huruma kubwa, kisha akanigeukia mimi. "Na sufuria langu la urojo?"

Akatoka barazani kutangaza kwamba mjukuu wake kazalisha. Magharibi haijaingia, hodi mlangoni: jirani, na bakuli la uji wa pilipili manga, anauliza mzazi kalala chumba gani.