Usiniulize kama shule ni nzuri, niulize nani anafundisha

Mwanangu anasoma shule ndogo ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza, huku kwetu pembezoni mwa Dar es Salaam, njia ya Chanika. Haina ghorofa wala bwawa la kuogelea. Ina madarasa yaliyozunguka uwanja wa mchanga, jiko la kuni kwa nyuma, basi moja la njano na Hiace ya kukodi ambayo kila mzazi anaijua kwa muungurumo wake. Kwa kuwa mwanangu yuko pale, watu wanaotafuta shule hunisimamisha njiani: "Vipi kaka, ile shule iko vizuri?"

Inategemea unamuuliza nani. Kuna mama mmoja, anauza vitenge Kariakoo, yeye kwa shule hii haambiliki. Mtoto wake alihamia akiwa la pili, ametoka darasa la watoto zaidi ya mia, herufi zenyewe anazibabaisha. Haikupita muda mrefu akawa anasoma vipande vya gazeti vinavyofungiwa vitumbua, kwa sauti, mpaka mwenye vitumbua anacheka. Na kuna baba mmoja, huwa tunasubiri basi pamoja asubuhi, yeye akiitaja shule hii anakunja uso. "Pale ni duka, kaka. Awamu moja ya ada ikichelewa, mtoto anarudishwa getini na begi lake." Mtoto wake wa kwanza alimaliza la saba hapo hapo, na hesabu zilimtoa jasho.

Wote wawili wanasema kweli. Watu wanapenda kuamua kesi ya namna hii kwa kusema huyu analalamika sana, au yule haoni kasoro. Mimi nimeishia kuamini kwamba shule ndogo ni walimu wake wanne watano na mwenye shule, basi. Mtu anayekusifia shule anakusifia Madam fulani, hata kama hamtaji. Anayeiponda ana ticha fulani kichwani, au pengo aliloacha ticha fulani.

Chukua darasa la kwanza la shule yetu. Madam wa darasa lile yupo tangu shule inafunguliwa. Asubuhi anawaita watoto mezani mmoja mmoja, anaweka rula chini ya mstari, mtoto anasoma, rula inashuka. Aliyekwama hafokewi, anarudishwa mstari wa juu. Kwenye daftari la mawasiliano anaandika kwa kalamu nyekundu mambo ambayo mzazi hakuyategemea: "Leo hakumaliza uji, mpime homa." Wazazi wote waliopitia kwake wanaisifia shule. Ukweli ni kwamba wanamsifia yeye.

Sasa panda hadi madarasa ya juu. Serikali ikitangaza ajira za walimu, shule binafsi ndogo zinatikisika. Mwalimu wa shule kama hii ana mkataba wa mwaka, mshahara unaosubiri wazazi walipe ada, na pengine likizo ya Desemba isiyo na senti. Serikalini kuna ajira ya kudumu, pensheni, na benki inayomkopesha kwa dhamana ya mshahara. Nani abaki? Shule yenye walimu sitini ikipoteza watatu inajipanga upya wiki hiyo hiyo. Yenye walimu tisa ikipoteza watatu, imepoteza hesabu, sayansi na mwalimu wa zamu. Kwetu ticha wa hesabu aliondoka katikati ya muhula, akapangiwa mkoani, na darasa la sita likabaki mikononi mwa kijana wa chuo aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo. Yule baba wa kituoni mtoto wake alikuwa darasa lile. Ukimwambia shule ni nzuri, unamtukana.

Halafu kuna hili la wastani wa alama za mtihani. Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, lilieleza kwamba halitatangaza tena shule kumi bora. Wazazi wengi tulinung'unika. Kwa shule ndogo nadhani ilikuwa afadhali, ingawa wenye shule hawakukata tamaa: bango la getini bado linapiga kelele kuhusu wastani, na matokeo ya kila shule bado yako kwenye tovuti kwa anayetaka kuchungulia.

Piga hesabu uone wastani huo umesimama juu ya nini. Mtihani wa darasa la saba una masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Tuseme shule ina watahiniwa 14. Kumi na watatu wamepata 250 kila mmoja, mmoja amepata 120. Wastani wa shule ni 240.7, na daraja A linaanzia 241. Mtoto mmoja ameiteremsha shule nzima daraja. Matokeo hayo hayo kwenye shule ya watahiniwa 140, mmoja akiwa na 120 na wengine wote 250, wastani unabaki 249 na hakuna anayemkumbuka.

Mwenye shule anaijua hesabu hii kuliko mimi. Ndiyo maana ikifika Novemba baadhi ya wazazi wa la sita wanaitwa ofisini, mlango unafungwa, wanaambiwa kwa sauti ya upole kwamba mtoto "hajaiva", arudie darasa, au watafute shule "itakayomfaa". Wizara imeshapiga marufuku shule binafsi kukaririsha au kuhamisha watoto kwa kigezo cha alama ambazo shule imejiwekea yenyewe, na imerudia zaidi ya mara moja. Lakini katazo halimsaidii sana mama aliyekaa peke yake mbele ya meza ile, ada ya mwaka mzima kaishalipa na anaogopa mwanawe atachukiwa. Hapa siko katikati. Mzazi mwenye mtoto mwepesi anayepiga makofi kwenye mahafali wastani unaposomwa, ajue kuna mtoto aliondolewa kwenye picha ili wastani ule upatikane. Shule inayofanya hivyo siwezi kuiita nzuri, hata ikiwa na A tupu.

Kwenye kikao cha wazazi nimegundua jambo jingine linalotugawa, na wala halihusu walimu. Mada ilikuwa masomo ya ziada jioni na Jumamosi. Nilidhani watu wangebishana kuhusu hela. Wakabishana kuhusu saa za kutoka kazini. Anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku kwa foleni ya Gongo la Mboto, anataka shule imshikilie mtoto hadi jioni, ashibe, afanye kazi zake huko huko. Mwenye bibi au shangazi nyumbani anaona mtoto wa miaka minane anachoshwa bure. Hoja zilivaa nguo za elimu, lakini chini yake ilikuwa ni nani atamfungulia mtoto mlango. Mimi nilipiga kura ya hapana. Mke wangu yuko nyumbani saa tisa, sijifanyi nina sababu kubwa kuliko hiyo.

Kiingereza sitakizungumzia sana. Kila mtu anakitaka, na wachache wanasikiliza kama ticha mwenyewe anakimudu. Simama dirishani dakika kumi utajua.

Kwa hiyo anayeniuliza siku hizi namjibu kwa maswali. Mtoto wako anaingia darasa la ngapi? Mwalimu wa darasa hilo yupo tangu lini? Likizo ya Desemba walimu wanalipwa? Hili la mwisho mwenye shule atakujibu kwa maneno matamu, kwa hiyo muulize matroni wa basi. Yule dada anajua nani kaacha kazi, nani anaaga wiki ijayo na nani hajalipwa tangu Septemba, na anaongea bila kuombwa mara mbili. Na ukimkuta mzazi anayesifia au anayeponda, muulize mtoto wake alikuwa kwa nani na mwaka gani. Sifa za miaka mitatu iliyopita ni sifa za shule nyingine.

Wangu mwakani anaingia la nne, darasa la upimaji wa kitaifa. Ticha wa hesabu wa sasa ni mzuri, na ameniambia mwenyewe, bila kificho, kwamba ameomba ajira serikalini. Nimemtakia heri, kwa sababu hata mimi ningeomba. Awamu ya kwanza ya ada nitalipa Januari kama kawaida. Ya pili nitailipa nikishajua kipindi cha hesabu kapewa nani.