Tope la Chini ya Vizimba: Tuhesabu Minyoo au Tusome Vinasaba?

Samaki wa vizimba vya baharini hulishwa juu, lakini athari zao husomwa chini. Kinyesi chao huzama pamoja na tembe za chakula zilizowaponyoka na kujikusanya kwenye sakafu ya bahari, ambako bakteria huzila na kumaliza oksijeni. Kisha haidrojeni salfaidi hupanda, ile yenye harufu ya yai viza. Wanyama wanaochimba mashapo kwa kina hutoweka, na mnyoo mdogo aitwaye Capitella, asiyejali uchafu, huzaana kupita kiasi. Hali ikizidi kuharibika, utando mweupe wa bakteria aina ya Beggiatoa hutanda juu ya tope. Mfuatano wa namna hii ulielezwa na wanasayansi Pearson na Rosenberg mwaka 1978, na wakaguzi bado wanautegemea.

Kuupima ndiko kugumu. Tope huchotwa kwa chombo chenye taya, huoshwa juu ya chujio la matundu ya milimita 1, kisha mtaalamu huketi na hadubini kuhesabu mnyoo mmoja mmoja na kumpa kila mmoja jina lake. Norway, inayozalisha zaidi ya tani milioni moja za samoni kwa mwaka, ina kiwango chake, NS 9410, chenye ukaguzi mwepesi chini ya vizimba na ukaguzi wa kina unaohitaji hesabu hiyo ya wanyama. Majibu ya hesabu yanaweza kuchukua miezi. Samoni hukaa vizimbani mwaka mmoja hadi miwili hivi, kwa hiyo ripoti iliyochelewa huweza kufika wakati samaki wanaohusika wameshavunwa.

Hapo ndipo vinasaba vya mazingira vinapoingia, yaani DNA ambayo viumbe huiacha mahali wanapoishi. Gramu chache za tope zinatosha. Vinasaba vyote vilivyomo hutolewa, kipande kimoja mahususi hurudufiwa na kusomwa kwa mashine, na sampuli mamia huweza kusomwa kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2014 Jan Pawlowski na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mashamba ya samoni ya Uskoti. Hawakuhangaika na minyoo. Walitazama foraminifera, viumbe vya seli moja, na wakaona dalili kwamba aina zake hupungua palipoathirika, hasa waliposoma RNA, nakala za muda za vinasaba ambazo hutengenezwa na seli hai. Wengi wa viumbe hawa hupita kwenye matundu ya chujio na kumwagwa pamoja na maji, sawa na bakteria ambao ndio wa kwanza kubadilika uchafu unapoanza kushuka. Kwa miaka yote hiyo tumekuwa tukimwaga mashahidi na kubaki na wasikilizaji!

Hata hivyo, mashahidi hawa wana kasoro zao. Mashine hutoa idadi ya visomo, yaani vipande vya vinasaba ilivyovisoma, na visomo si vichwa vya wanyama: mnyoo mmoja mnene anaweza kuacha vinasaba vingi kuliko wadogo kadhaa. Kwenye tope lisilo na oksijeni, vinasaba vya kiumbe kilichokufa zamani hudumu, hivyo orodha huweza kuwa na marehemu. RNA huoza upesi zaidi, lakini kwa sababu hiyohiyo ni taabu kuihifadhi. Tena, kama kipande kilichochaguliwa kinanasa wanyama wa kila aina, sehemu ya visomo itakuwa ya samoni mwenyewe na ya unga wa samaki uliomo kwenye chakula chake.

Shida iliyonishughulisha zaidi ni nyingine. Vinasaba vingi vinavyotoka topeni havina jina, kwa kuwa maktaba za kulinganishia, zenye vinasaba vya viumbe vinavyojulikana, zina mapengo makubwa. Suluhisho limekuwa kuachana na majina. Mwaka 2017 Cordier na wenzake walionyesha, kwa sampuli za foraminifera kutoka mashamba ya Norway, kwamba programu inayojifunza yenyewe huweza kupewa sampuli ambazo hali yake inajulikana, ikakariri ruwaza za vinasaba, kisha ikakadiria hali ya sampuli mpya. Ni kazi maridadi. Lakini hiyo hali ilijulikana vipi? Kwa kuhesabu minyoo. Programu ni mwanafunzi wa yule yule mzee wa hadubini. Ikiwa kesho tutamwachisha mzee kazi kwa sababu mwanafunzi ni nafuu, nani atamsahihisha siku bahari itakapopata joto, au vizimba vitakapohamishiwa kwenye mchanga wa aina ambayo hakuwahi kufundishwa?

Wanaotetea vinasaba wana jibu, nami nakiri lina uzito: mzee naye si msahafu. AMBI, kipimo kilichobuniwa na Borja na wenzake mwaka 2000, hugawa wanyama katika makundi matano kulingana na uvumilivu wao kwa uchafu, na mgawanyo huo umeegemea pia maamuzi ya wataalamu. Milimita 1 yenyewe ni mapatano tu. Wataalamu wawili nao huweza kumpa mnyoo mmoja majina mawili.

Kwa hiyo sioni sababu ya kumfukuza yeyote. Vinasaba vitumike pale chujio linaposhindwa: kupima mara nyingi, katika vituo vingi, na kugundua mapema. Hesabu ya minyoo ibaki kwenye maamuzi mazito kama kupunguza idadi ya samaki au kufunga shamba, angalau hadi viwango vya vinasaba vyenyewe viwekwe kisheria. Kila mwaka sehemu ya sampuli ipimwe kwa njia zote mbili, na visomo ghafi viwekwe wazi. Programu ikifundishwa kwa data ambayo anayeiona ni mfugaji na mkandarasi wake tu, jirani anayevua karibu na vizimba hana namna ya kuhoji matokeo.

Kanuni pia iseme mapema nini kifanyike njia mbili zikigombana. Vinasaba vikidai kituo kimeharibika huku minyoo ikionekana salama, huenda bakteria wametangulia kutoa taarifa, au huenda ni mabaki ya msimu uliopita. Kwa karatasi pekee huwezi kujua ni lipi. Inabidi kurudi kituo kilekile baada ya wiki chache, na chombo cha kuchotea na vichupa vya vinasaba vikiwa kwenye boti moja.