Nilikalia Shina, Sikukalia Boga

Naona habari zimeshawafikia. Rafiki yangu mmoja, anajijua, amewatangazia kwamba nimelikalia boga langu likapasuka, kwamba nililia, na kwamba nilitaka kuitiwa gari la wagonjwa. Sasa nimekuja mimi mwenyewe, mwenye makalio yanayojadiliwa, kutoa ufafanuzi. Boga halijapasuka. Gari la wagonjwa ulikuwa utani. La kulia tutalifikia.

Wafuasi wa siku nyingi mnalijua boga lenyewe, mmeshalichoka kwa picha. Kwa wageni: mbegu ni Atlantic Giant, aina ya maboga makubwa kupindukia, uzao uliotokana na kazi ya Howard Dill wa Kanada, na ndio uliojaa kwenye orodha ya rekodi. Mwaka 2025 mapacha wa Uingereza, Ian na Stuart Paton, walipima la kwao likagonga kilo 1,278.8. La kwangu halikaribii huko hata kwa ndoto. Ila lilikuwa limeshafika mahali ambapo wageni wakilikuta wanasema "mh!" kabla ya kusalimia, na mimi nilikuwa naishi kwa hiyo "mh!".

Tatizo la boga la aina hii ni kwamba likichanganya linaweza kuongeza hata kilo 20 kwa siku. Ukishajua hivyo, hutulii. Unataka kupima. Na kwa kuwa huwezi kulibeba ukaliweka kwenye mizani, unapima kwa tepu mara tatu: unalizungushia kiunoni, unapitisha juu kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, halafu unapitisha juu tena kutoka kwenye kikonyo hadi kwenye kitovu lilipokuwa ua. Unajumlisha, unaangalia kwenye jedwali la wakulima wenzako, linakukadiria uzito.

Kipimo cha tatu ndicho kilichonimaliza.

Ili kushika tepu pale kwenye kikonyo, lazima usimame shina kuu linapopita. Na shina kuu, jamani, ndilo kila kitu. Mizizi mikubwa iko mwanzoni mwake, matawi yote ya pembeni yanatoka kwake, na boga limening'inizwa uhai wake hapo. Kwingine kote shina limelala chini, nimelifukia kwenye vifundo ili kila kifundo kitoe mizizi yake. Ila karibu na boga hulifukii. Hata mizizi ya hapo unaikata, maana boga likinenepa mabega yake yanalisukuma shina juu, na shina lisipokuwa na uhuru wa kuinuka, kikonyo kinachomoka. Kwa hiyo kile kipande kilikuwa kimeinuka, kiko hewani, chini yake unaweza kupitisha ngumi. Kumbukeni hiyo ngumi.

Rafiki yangu kazi yake ilikuwa moja tu: kushika tepu upande wa kitovu. Alikuwa ameishika, kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa na simu. "Endelea tu," ananiambia, "mimi nipo."

Nikaruka shina kama nilivyozoea kuliruka. Mguu wa kulia ukafika ng'ambo salama. Mguu wa kushoto nao ukanyanyuka vizuri kabisa, isipokuwa kandambili yake ilikuwa na mipango mingine: ilinasa kwenye vijiti viwili nilivyovisimika kwa kupishana ili upepo usije ukalirusha shina. Yaani vijiti vya kulinda shina. Naomba msicheke hapo, kuna pa kuchekea mbele.

Mwili ukaanza kwenda mbele. Mbele yangu kulikuwa na bega la boga, laini, la rangi ya chungwa lililopauka, ngozi ambayo kwa wakati huo ukiikwaruza kwa ukucha inabaki na kovu hadi mwisho. Nikaona magoti yangu yanaelekea pale. Nikakiona na kikonyo, pembeni kidogo ya goti la kulia. Kikonyo kikikatika hakuna dawa, unachukua kisu unakwenda kupika. Nawaambia ukweli, wazo la kujiokoa mimi halikuja. Kilichokuja ni "geuka!" na nikageuka, hewani, kwa wepesi ambao sikuwahi kuwa nao hata utotoni, mikono ikipepea, tepu ikinifuata shingoni. Nikalipa boga mgongo. Boga likapona.

Ila kinachogeuka lazima kitue.

Nilisikia kabla sijahisi. Si "kraa" kavu ya kijiti. Ni mlio mlaini, wa majimaji, mrefu kuliko ulivyohitajika. Halafu kimya. Halafu ubaridi wa utomvu ukipenya kwenye suruali.

"Umeumia?"

"Usinishike! Usisogee! Nimelikalia?"

"Nini?"

"Shina!"

Akainama, akachungulia kwa makini, simu ikiwa imetangulia. "Bado umelikalia."

Sasa hapo ndipo nilipokwama. Nikijisukuma na mikono kunyanyuka, nazidisha mzigo palepale penye ufa. Nikibiringika pembeni, nalipindua shina. Ikabidi ninyanyuliwe wima, kwa makwapa, na mtu anayecheka hadi hana nguvu mikononi. Mara ya kwanza alininyanyua nusu akanirudisha. Sina la kuongeza. Kwenye klipu hicho ndicho kipande mnachokirudiarudia, nimeziona hizo emoji.

Na ndiyo, machozi yalikuwepo. Nilikuwa nimekalia na kijiti.

Shina lilikuwa limechanika kwa urefu, kama kiganja hivi, upande wa juu. Ndani ni jeupe na lina tundu katikati, na ule utomvu ulikuwa unatoka matone matone, wadudu wameshapata taarifa. Upande wa chini ulikuwa mzima. Hapo ndipo nilipoanza kupumua, maana shina lililochanika kwa urefu bado linapitisha maji. Lingekatika kabisa kati ya ile mizizi mikubwa ya mwanzoni na boga, boga lingebaki kutegemea vimizizi vya kwenye vifundo vya mbele.

Wadau mlioshauri nifunge nailoni au nilisiribe kwa matope, ahsanteni, hapana. Tundu lile likishika maji, linaoza kutoka ndani na wewe huoni. Nilikwangua vilivyopondeka kwa wembe safi, nikapaka dawa ya ukungu ya unga niliyoikoroga iwe nzito, nikaweka vijiti viwili ubavuni na kufunga kwa kitambaa laini, kwa kulegeza, ufa ukibaki wazi upigwe na upepo. Bandeji ya kwenye sanduku la huduma ya kwanza ilitumika huko. Goti langu likafutwa na jani.

Baada ya hapo mambo ni ya kawaida tu. Nimepunguza maji upande ule, nimeweka kivuli. Vifundo vya baada ya boga nimevifukia kwa udongo zaidi na kuvilowesha ili mizizi yake isaidie kulisha, na kwenye lile shina la mbele nimeacha tawi moja la pembeni likimbie, lije lishike usukani ikibidi. Ufa umeanza kukauka pembeni na kufanya kigaga. Hakuna harufu. Boga linaongezeka, pole pole kuliko zamani, na kipimo cha tatu sasa napimia upande wa kitovu. Kwenye kikonyo anasimama yeye, peku, simu nimeishika mimi.

Kitu kilichobaki kuleta maneno ni feni. Ufa unataka hewa mchana na usiku, na feni ya nyumbani ni moja, ya chumbani. Nimevuta waya hadi bustanini, nimeiezekea isinyeshewe, inapuliza shina. Mwenzangu alivumilia joto usiku wa kwanza. Uliofuata akaniambia, kwa upole sana, kwamba kama naipenda hiyo feni nikalale iliko.

Nimekwenda kuangalia. Kati ya tawi la tatu na la nne mkeka unaenea.