Mjomba, Hiyo Si Disko

Jumapili iliyopita nilikuwa Nakuru kwa mjomba. Jim Reeves, yule mwimbaji wa muziki wa kantri wa Marekani, alikuwa ameimba redioni tangu tutoke kanisani, na baada ya chakula nikaomba ruhusa niweke Why Not Me, albamu ya The Judds. Haikumaliza dakika mbili, mjomba akainua mkono. "Toa hiyo disko. Kantri ilizikwa pamoja na Jim." Nikaitoa, kwa sababu nyumba ni yake na mimi ni mtoto wake. Ila neno lile limenikaa kooni wiki nzima.

Mjomba, Jim Reeves huyo ndiye aliyekuwa usasa wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950, prodyuza Chet Atkins na wenzake kule Nashville, mji mkuu wa kantri, waliweka kando fidla ya kijijini, wakaleta okestra na waitikiaji wenye sauti laini ili kantri ipate wasikilizaji mijini. Wapo walionung'unika kwamba muziki umeharibiwa. Huo uliolalamikiwa ndio leo tunaulinda kama mboni ya jicho.

Sasa wasikilize hawa wawili wa The Judds, mama na bintiye. Naomi alikuwa nesi, mzaliwa wa Ashland, Kentucky. Wynonna alikuwa hajatimiza miaka 20 "Mama He's Crazy" ilipotoka mwaka 1984. Kuimba kwa sauti mbili walijifunza kwa santuri ya Hazel Dickens na Alice Gerrard, nyimbo za milimani zisizopakwa sukari. Papo hapo Wynonna alikuwa akimsikiliza Bonnie Raitt na bluzi zake mpaka zikamwingia damuni. Mlima na bluzi vikakutana kwenye koo la msichana mmoja. Ukisema hapo hakuna asili, nionyeshe asili iko wapi.

Prodyuza wao alikuwa Brent Maher. Naomi alimuuguza binti wa Maher hospitalini, kisha akampa Maher kaseti ambayo yeye na Wynonna walijirekodi wenyewe, na huyo bwana akawa na busara ya kuacha nafasi. Gitaa kavu la Don Potter liko mbele kabisa, karibu nawe kama mtu aliyeketi kwenye mkeka huohuo. Wynonna anaanza kwa sauti nzito kuliko umri wake. Mama anamngoja, halafu anaingia taratibu pembeni yake, na unasikia kabisa kwamba hawa wamepumua chumba kimoja miaka mingi. Sisi tuliolelewa na gitaa kavu la Mwenda Jean Bosco wa Kongo hatuhitaji mkalimani hapo.

Tuzo walipata, ikiwemo Grammy. Nakubali pia kwamba nyimbo mbili tatu kwenye albamu hiyo ni nyepesi, na kwamba nyingi za siku hizi zinazoitwa kantri zinanichosha hata mimi. Lakini kosa la hizo si upya wake. Kosa ni kwamba zimejazwa vyombo mpaka mwimbaji hana pa kusimama.

Naomi alifariki tarehe 30 Aprili 2022. Kesho yake wakaingizwa kwenye Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri, na Wynonna akasimama pale na mdogo wake Ashley, bila mama. Tangu siku hiyo kila nikisikia ile sauti ya pili ikiingia, naacha ninachofanya.

Jumapili nakuja tena, mjomba. Flashi iko mfukoni. Nipe dakika tatu tu, halafu umrudishe Jim.